Kalosha ya Kushoto

Sindano ilianza kupanda kwenye kona ya tisa.
Sikusema. Mavyaa Zuurakan naye aliiona,
akageuza uso, akahesabu farasi wa watu bondeni.
Kona ya kumi na mbili nikafungulia hita,
Julai, madirisha wazi, moto ukitupiga magotini:
ujanja wa kuiibia injini joto lake
na kuwagawia abiria. Abiria ni sisi wawili
na madebe sita ya asali.
Kona ya kumi na tano Uazi ikapiga chafya ya mvuke.

"Usiguse kifuniko," alisema,
kana kwamba sina kovu hili hapa kiganjani
la mwaka ule nilioolewa.

Tukangoja. Juu ya Töö-Ashuu kungoja ni kazi:
upepo unakung'uta masikio, jua linachoma shavu moja,
na theluji ya mwaka jana inakutazama kutoka kivulini.
Fundi wa gari hili ni mwanawe.
Mwanawe yuko Yekaterinburgi, anapaka rangi ngazi za watu,
na tangu Aprili simu yake haipatikani.
Hilo nalo hatukulisema.

Alianza na mkanda. Akaubonyeza kwa kidole gumba,
ukazama kidogo, ukarudi. Si mkanda.
Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa aproni,
akakichovya tena, akakinusa:
nyeusi, haina weupe wa chai ya maziwa.
"Gasketi nzima," akasema. Kisha, kwa sauti ya hakimu
aliyeendesha trekta la ushirika miaka kumi na minane:
"Thermostati. Imekwama. Nakuapia."

Boliti ya kwanza ikatii, ya pili ikatutukana kwanza.
Tukaitumbukiza thermostati ndani ya birika la chai,
tukawasha jiko la gesi, tukainama vichwa vikigusana
kama wanaochungulia mtoto mchanga.
Maji ya mlimani hayana subira, yalichemka mara moja,
na kile kidude cha shaba kikafumbua jicho,
pole, wazi, bila kusita.
Tulikuwa tumekisingizia.
Mavyaa akakohoa. Akanitazama kwa muda
kama mtu aliyewahi kumsingizia mwingine.

Basi nikaokota kifuniko cha rejeta,
hicho kidogo, kisichoshukiwa na yeyote,
nikakipindua. Mpira wake umekauka, umepasuka
kama kisigino cha kiangazi.
Hewa ya huku nyembamba; maji hufoka kabla ya wakati
yasipobanwa. Kifuniko ndicho kibano.
Maji yakibanwa huvumilia moto.
Kuhusu watu sijui. Mimi na yeye tumebanwa
chumba na nusu, miaka minne, na bado naandika hivi
nikiwa sina hakika.

"Kisu," akasema.
Akaketi kwenye ngazi ya gari, akavua kalosha ya kushoto,
ile ya mpira mweusi aivaayo juu ya soksi za ngozi,
akaikata shingo bila kufumba macho.
Duara la kwanza likaenda upande. La pili likakaa
kana kwamba kiwanda kiliagizwa.
Kwa thermostati tukakata boksi la majani ya chai,
tukalipaka grisi, tukakaza.
Nikashuka kijitoni mara tano na ndoo,
nikimimina kidogo kidogo, injini ikiunguruma,
mpaka mapovu yakaisha kujadiliana.

Tulishuka kwa gia ya pili. Sindano ikasimama katikati
na kukaa hapo, imenyooka, kama mgeni mwenye adabu.
Yeye aliitazama njia nzima. Kwenye kona ya mwisho
akasema, bila kugeuka: "Angepiga simu, ningemwambia
umekiona wewe."

Sokoni kifuniko kipya kiliuzwa
bei ya kilo mbili za vitunguu.
Kwenye viatu tulizunguka mpaka jioni, yeye akichechemea,
akimwonyesha kila muuzaji mguu wake wa kushoto.
Wote walijibu hivyo hivyo:
kalosha, mama, haziuzwi moja moja.